Nta, Mwani au Bakteria? Jinsi ya Kufuatilia Asili ya Misombo ya Kikaboni Katika Maziwa ya Tindikali

Ukilipitisha tope la ziwa la tindikali kwenye mashine za maabara, utapata orodha ndefu ya misombo ya kikaboni: alkani, alkoholi, asidi za mafuta, steroli. Kazi ngumu inaanzia hapo. Orodha hiyo haisemi ni kiumbe gani kilitengeneza kila msombo, wala kama kiumbe hicho kiliishi ndani ya maji yale makali au kililetwa na upepo kutoka shambani. Mwongozo huu umeandikwa kwa mwanafunzi au fundi wa maabara anayejua kemia ya msingi na anataka kufika kwenye jibu analoweza kulitetea.

Nitatumia mfano mmoja: maziwa ya chumvi ya eneo la Yilgarn, kusini mwa Australia Magharibi. Yako mamia, mengi ni ya kina kifupi na hukauka msimu wa joto. Baadhi yana maji yasiyo na tindikali, na jirani yake tu unakuta ziwa ambalo pH yake imeshuka hadi karibu 1.5 na chumvi yake inakaribia mara kumi ya ile ya bahari. Lake Magic, karibu na mji mdogo wa Hyden, ni la rangi ya manjano. Lake Gilmore liko upande wa Norseman. Miamba ya huko ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5 na imechakaa kiasi kwamba chokaa ya kupooza tindikali haipo. Chuma na salfa vikioksidika kwenye maji ya ardhini, ukali unabaki palepale. Chini ya maji hukaa chumvi mawe, jasi, hematiti (oksidi ya chuma) na jarositi (madini ya chuma na salfa). Jarositi hiyohiyo ilionekana kwenye sayari ya Mirihi mwaka 2004, roboti ya Opportunity ilipochunguza uwanda wa Meridiani, na ndiyo maana wanaotafuta dalili za uhai huko huja kujifunzia Yilgarn.

Mbinu hizi hazifungwi na Australia. Zinafaa kwa maziwa yaliyoachwa na migodi ya makaa ya Lausitz, Ujerumani, kwa mto Tinto wa Hispania wenye pH ya karibu 2.3, na kwa maji yanayochuruzika kutoka kwenye masalia ya migodi ya salfaidi popote yalipo. Huko Kasese, Uganda, kiwanda kilianza mwaka 1999 kutumia bakteria wanaokula pairaiti, madini ya chuma na salfa, ili kutoa kobalti kwenye masalia ya mgodi wa Kilembe. Bakteria wa aina hiyo ni miongoni mwa wale utakaokuwa unatafuta alama zao.

Hatua ya 1: Orodhesha kila anayeweza kuwa chanzo

Usianzie majini. Anza nchi kavu, kwa miguu, na daftari mkononi. Andika kila kiumbe kinachoweza kuacha kaboni yake mahali pale.

Yilgarn utakuta mikaratusi kwenye vilima vya mchanga, na karibu na maji vichaka vifupi vya Tecticornia vinavyovumilia chumvi. Upande wa Hyden mashamba ya ngano yanayazunguka maziwa. Yote hayo yana nta kwenye majani. Upepo unaisugua nta ile, unaibeba pamoja na vumbi na kuimwaga ziwani, na nta haijali pH: inaweza kukaa kwenye tope kali miaka na miaka. Ongeza kondoo, ndege, wadudu waliokufa juu ya maji, na moto wa porini. Kisha ndipo uandike wakazi wa ziwa lenyewe: mwani wa kijani kama Dunaliella, bakteria wanaooksidisha chuma na salfa, arkea (viumbe vya seli moja vinavyofanana na bakteria lakini ni kundi jingine), kuvu. Mwisho mwandike binadamu, pamoja na gari lake, plastiki zake na krimu yake ya jua.

Sasa kusanya sampuli za marejeo. Kwa kila mmea chukua majani ya mimea kadhaa tofauti, mabichi na makavu yaliyoanguka, kwa kuwa yale makavu ndiyo yanayoingia ziwani. Chukua udongo wa juu wa ukingoni, wa shambani na wa chini ya miti. Wengi huiruka hatua hii kwa sababu vitabu vina majedwali ya mimea. Naona ndiyo hatua inayoamua kazi nzima. Majedwali hayo yanakupa wastani wa dunia, na ziwa lako halikupokea majani ya dunia. Limepokea ya vichaka vile unavyoviona. Kwa mfano, utafundishwa kuwa nyasi zina alkani ya C31 (yenye kaboni 31) kwa wingi na miti ina C27 au C29. Ukipima mimea mingi utaona miti yenye C31 na nyasi zenye C29. Bila marejeo ya mahali penyewe, tofauti hiyo haikusaidii.

Kibali pia ni sehemu ya hatua hii. Ardhi hii ina wenyewe: Wanoongar upande wa Hyden, Wangadju upande wa Norseman. Zungumza nao mapema, ueleze utachukua nini, kiasi gani, na matokeo utayarudisha vipi.

Hatua ya 2: Andaa vifaa ambavyo tindikali haitavila

Wachunguzi wa misombo ya kikaboni wamezoea kufunga sampuli kwa karatasi ya alumini, kwa sababu plastiki huachia kemikali zake. Kwenye ziwa la pH 1.5 lenye chumvi kali, alumini huliwa na sampuli huvuja. Koleo la chuma nalo hushika kutu na kuongeza chuma kwenye sampuli ambayo tayari imejaa chuma. Tumia mitungi ya kioo yenye vifuniko vilivyowekwa Tefloni, na vijiko vya kioo au Tefloni.

Choma vioo vyote kwenye tanuri kwa nyuzi 450 kwa saa kadhaa ili kuondoa mafuta ya mikono. Vichujio vya nyuzi za kioo navyo vichomwe. Tefloni haistahimili joto hilo, kwa hiyo ioshe kwa methanoli na dikloromethani.

Vaa miwani ya kukinga macho, glavu zisizo na unga, na buti ndefu. Maji haya yanachoma, na tone moja jichoni ni hatari ya kweli; beba chupa kubwa za maji safi ya kusuuza. Badala ya krimu ya jua vaa kofia pana na mikono mirefu, maana krimu hujitokeza wazi kwenye matokeo. Mafuta ya ngozi nayo yana kolesteroli na skwaleni, misombo ambayo unaweza kudhani imetoka kwa mnyama wa ziwani.

Hatua ya 3: Pima maji, kisha chukua sampuli

Kipima pH kirekebishe kwa miyeyusho ya 1.68 na 4.01, usiishie kwenye 4 na 7 kama ilivyo desturi. Hata hivyo, kwenye maji yenye chumvi nyingi namna hii elektrodi ya kioo hupotoka, kwa sababu chumvi inabadilisha jinsi ioni za hidrojeni zinavyojionyesha. Andika thamani uliyoisoma, joto la maji na aina ya elektrodi, ili msomaji ajue namba ilipatikanaje. Usiandike pH yenye desimali mbili kana kwamba una hakika nayo.

Chukua maji, gamba la chumvi na tope kila kimoja peke yake. Kwenye tope, tenganisha milimita chache za juu na tabaka za chini. Huko juu ndiko waliko walio hai. Chini ni kumbukumbu ya waliopita. Gamba la chumvi lina thamani ya pekee: chumvi inapoganda hufungia matone madogo ya maji ya ziwa pamoja na kilichokuwemo. Uchunguzi wa chumvi mawe ya Lake Magic uliotolewa mwaka 2013 ulionyesha seli za viumbe vidogo zilizofungiwa ndani ya matone hayo. Gamba likiwa safi, unapata ziwa la siku ile lilivyokuwa, bila kuchanganyika na vumbi la baadaye.

Piga mstari kutoka ukingoni hadi katikati, uchukue sampuli kwa vituo. Misombo inayopungua kadiri unavyosogea katikati yaelekea inatoka nchi kavu. Ile isiyopungua, au inayoongezeka, inatia shaka kwamba inazaliwa ziwani. Si ushahidi wa mwisho, kwa kuwa maziwa haya ni ya kina kifupi na upepo unayakoroga, lakini ni dalili ya kwanza unayoipata kwa gharama ndogo.

Fungua mtungi mmoja mtupu kwa muda uleule unaochukua sampuli, kisha ufunge. Huo ni sampuli tupu ya uwandani, na utapitia kila hatua pamoja na wenzake. Tope la ziwa kali huwa na kaboni haba, kwa hiyo uchafu mdogo unaweza kuonekana kuwa ugunduzi mkubwa. Kwa sababu hiyohiyo chukua tope la kutosha, gramu 50 au zaidi kwa kila kituo.

Hatua ya 4: Gandisha kwelikweli

Maji yaliyojaa chumvi ya kawaida huganda kabisa yakifika nyuzi 21 chini ya sifuri. Friza nyingi za maabara zimewekwa nyuzi 20 chini ya sifuri. Maana yake ni kwamba sampuli uliyoiweka humo ukaamini imeganda, ndani yake bado ina maji makali yanayoendelea kufanya kazi. Tindikali huvunja vifungo vya esta, hukata vichwa vya lipidi za utando wa seli, na huondoa maji kwenye steroli na alkoholi hadi zikawa misombo mingine. Baada ya miezi michache utakuwa unapima kazi ya friza.

Tumia friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri au nitrojeni ya kimiminika. Ikiwa huna njia hiyo uwandani, kausha tope mapema uwezavyo na uanze kukamua bila kuchelewa. Fungu la DNA lishughulikie peke yake: lioshe kwa myeyusho bafa ulio karibu na pH 7 mara tu baada ya kulichukua, kwa kuwa DNA huharibika upesi kwenye tindikali.

Hatua ya 5: Ondoa chumvi, kamua lipidi

Kausha tope kwa mashine ya kukaushia kwenye baridi. Kisha osha chumvi kwa maji safi ambayo yenyewe yamesafishwa kwa kiyeyusho. Hayo maji uliyooshea usiyamwage. Yamebeba sukari, asidi fupi na misombo mingine inayoyeyuka, na usipoipima utasema ziwa halina hiyo misombo kumbe uliimimina kwenye sinki.

Kamua kwa mchanganyiko wa dikloromethani na methanoli, sehemu tisa kwa moja, ndani ya kabati la kufyonza hewa. Ukitaka lipidi nzima za utando wa seli, tumia njia ya Bligh na Dyer ya mwaka 1959, inayotumia klorofomu, methanoli na maji. Kabla ya kukamua weka kiasi unachokijua cha msombo wa kupimia ambao haupo katika maumbile ya mahali hapo, kwa mfano alkani yenye deuteri. Bila huo hutajua ni kiasi gani kilipotea njiani.

Salfa huru ni kero ya maziwa haya. Usipoiondoa, itasimama kama kilima katikati ya kromatogramu na kufunika majirani. Weka vipande vya shaba vilivyosafishwa kwa asidi hidrokloriki. Vitageuka vyeusi kwa kuinasa salfa. Rudia hadi shaba ibaki inang'aa.

Tenganisha mkamuo kwenye safu ya silika: heksani itatoa alkani, viyeyusho vyenye mvuto mkubwa zaidi vitatoa ketoni, alkoholi na steroli, kisha asidi. Alkoholi na steroli zigeuzwe kuwa etha za silili na asidi ziwe esta za methili kabla ya kuingia kwenye kromatografia ya gesi.

Onyo kwa wanaopenda njia ya mkato ya kuchoma tope na kupima gesi zake: madini ya hapa yatakuangusha. Jarositi na oksidi za chuma zikipashwa moto huachia oksijeni na salfa dioksidi, na misombo yako inaungua kabla haijafika kwenye kipimio. Tatizo hilohilo linawasumbua wanaopima miamba ya Mirihi.

Hatua ya 6: Soma vilele, polepole

Kwenye spektromita ya masi iliyounganishwa na kromatografia ya gesi, fuata ioni yenye uzito 57 kwa alkani, 74 kwa esta za methili za asidi za mafuta, 191 kwa hopanoidi, na 149 kwa uchafu wa plastiki. Kilele kikubwa cha 149 kikionekana, rudi kwenye sampuli tupu kabla ya kuendelea.

Alkani kwanza. Nta ya mimea ya nchi kavu hupendelea namba witiri za kaboni, C25 hadi C33. Mwani na bakteria wa usanisinuru huacha zaidi mnyororo mfupi, hasa C17. Mafuta ya petroli hayabagui witiri na shufwa. Pima upendeleo huo kwa hesabu hii: jumla ya witiri C25 hadi C33 igawe kwa jumla ya shufwa C24 hadi C32, igawe tena kwa jumla ya shufwa C26 hadi C34, chukua wastani wa majibu mawili. Tuseme witiri ni 100, shufwa za kwanza 20 na za pili 25. Unapata 5 na 4, wastani 4.5. Hiyo ni nta changa ya mimea. Jibu likikaribia 1, fikiria mafuta ya gari au kaboni ya zamani sana iliyopikwa chini ya ardhi.

Ngano na mkaratusi ndio wanaosumbua pale Hyden. Wote hutumia njia ya kawaida ya usanisinuru iitwayo C3, na alkani zao zinapishana. Hapa tazama kwenye mafungu mengine. Nta ya majani ya ngano ina alkoholi ya C28 kwa wingi mno. Pia mimea yote miwili hutengeneza diketoni, lakini ya mkaratusi ina kaboni 33 na ya ngano ina 31. Ukiziona katika majani yako ya marejeo na tena katika tope, umetenganisha shamba na msitu. Ukizikosa kwenye tope usihitimishe kwamba mmea haukuchangia, maana diketoni hazidumu kama alkani.

Asidi za mafuta zinahitaji subira. C16 na C18 zisizo na kifungo maradufu ziko kwa karibu kila kiumbe, kwa hiyo usizijengee hoja. Asidi ndefu za shufwa, C24 hadi C30, ni za mimea. Zenye tawi mwishoni, iso na anteiso za C15 na C17, ni za bakteria. Asidi yenye vifungo maradufu viwili ya C18 hupatikana sana kwa kuvu, ila mimea na mwani pia wanayo. Yenye vifungo vitatu huelekeza kwenye mwani au jani bichi.

Kisha zipo zile zenye ladha ya tindikali hasa. Bakteria wa jenasi ya Alicyclobacillus, wapenda tindikali na joto, wana asidi za mafuta zenye pete ya kaboni sita au saba kwenye ncha. Ni nadra kuzikuta kwingine, hivyo ukiziona una jambo la kusema. Acidithiobacillus, mla salfa na chuma, ana asidi zenye pete ndogo ya kaboni tatu, za C17 na C19. Hizi ziko pia kwa bakteria wengine wengi, kwa hiyo zichukue kama dalili tu. Euglena mutabilis, mwani wa kijani anayejulikana kwa kutanda kwenye maji makali ya migodi na ya mto Tinto, yuko katika jenasi inayotengeneza nta za esta, asidi na alkoholi zikiwa zimeshikana, kwa minyororo ya kaboni 14 hivi kila upande. Esta fupi namna hiyo zikitokea, mtafute Euglena kwa hadubini kabla ya kuwalaumu wadudu au mimea.

Steroli: ergosteroli ni ya kuvu hasa, na kuvu ni wastahimilivu wakubwa wa tindikali, kwa hiyo usiwasahau. Sitosteroli ya C29 ni ya mimea, lakini mwani fulani wa kijani nao hutengeneza steroli za C29. Kolesteroli inatoka kwa wanyama, baadhi ya mwani, na kidole chako.

Hopanoidi ni za bakteria. Kwa miaka mingi hopanoidi zenye methili kwenye kaboni ya pili zilichukuliwa kuwa alama ya sianobakteria, hadi mwaka 2007 ilipoonyeshwa kwamba Rhodopseudomonas palustris, bakteria asiyetoa oksijeni, naye huzitengeneza. Sianobakteria ni adimu sana kwenye pH iliyo chini ya 4. Kwa hiyo ukiziona hopanoidi hizo katika ziwa la pH 2, sababu ya kufikiria bakteria wengine ni kubwa zaidi.

Arkea wana lipidi zao, zilizoungwa kwa etha badala ya esta, na ndiyo maana zinaistahimili tindikali. Arkea wa chumvi huacha arkeoli. Wale wenye utando wa safu moja huongeza pete ndani ya lipidi zao mazingira yanapozidi joto au ukali, kwa hiyo idadi ya pete inakwambia kitu kuhusu maji waliyoishi. Sulfolobus na jamaa zake huunganisha lipidi hizo na kiungo kiitwacho kalditoli. Mwaka 2018 ilithibitishwa kwamba bila kalditoli wanashindwa kustahimili tindikali kali. Lipidi hizi kubwa hazipiti kwenye kromatografia ya gesi ya kawaida, utahitaji ya kimiminika. Kulinganisha kunafaa hapa: arkea wa magadi, kama wale wa Ziwa Magadi la Kenya, wanajulikana kwa arkeoli yenye mkono mmoja mrefu wa kaboni 25. Maabara iliyozoea maziwa ya Bonde la Ufa ina vifaa na macho ya kuanzia, ila isidhani wakazi wa pH 10 na wa pH 2 ni walewale.

Hatua ya 7: Pima isotopu za kaboni

Mimea ya C3 huwa na δ13C (kipimo cha uwiano wa kaboni-13 kwa kaboni-12) ya karibu -27 kwa elfu, na ya C4, kama mahindi, karibu -12. Alkani za nta zake ni nyepesi zaidi kwa vipande kadhaa kwa elfu, hivyo linganisha alkani na alkani, na jani zima na tope zima.

Kwa kawaida sampuli hutiwa asidi kwanza ili kuondoa kaboneti. Kwenye tope la pH 2 kaboneti haipo, kwa hiyo ruka hatua hiyo. Kila kuosha kunakula kaboni uliyokuja kuitafuta.

Mwani wa ziwa kali una sifa nyingine. Chini ya pH ya 4.3 hivi, karibu kaboni yote isokaboni iliyoyeyuka ni kaboni dioksidi, si bikaboneti, na inavukia hewani. Mwani hutegemea gesi hiyo, ambayo ina δ13C ndogo kuliko bikaboneti kwa takriban 8 hadi 9 kwa elfu. Thamani za mwani zilizochapishwa kutoka baharini au maziwa ya magadi hazikufai; chuja mwani wa ziwa lako na uupime.

Ukiwa na ncha mbili, gawanya hivi. Tuseme majani ya ukingoni ni -27, mwani ni -21, na tope ni -25.5. Tofauti ya tope na mwani ni -4.5, ya majani na mwani ni -6. Gawanya, unapata 0.75: robo tatu ya kaboni ni ya nchi kavu. Hesabu hii ni sahihi tu iwapo vyanzo ni viwili na vimeachana waziwazi. Vikiwa vitatu, au ncha zikikaribiana kuliko mtawanyiko wa vipimo vyako, isitumike.

Katika maziwa ya migodi ya makaa ongeza kaboni-14. Makaa hayana tena kaboni-14, kwa kuwa nusu-uhai wake ni miaka 5,730 na baada ya takriban miaka 50,000 hakuna kinachobaki cha kupimika. Kwa njia hiyo utajua ni kiasi gani cha kaboni ya tope ni vumbi la makaa na si kazi ya viumbe wa leo.

Hatua ya 8: Uliza DNA, lakini kwa swali sahihi

DNA inakuonyesha nani yuko, na lipidi zinaonyesha mabaki ya nani yamedumu. Soma jeni za utambulisho: 16S kwa bakteria na arkea, 18S na ITS kwa mwani na kuvu, na jeni za kloroplasti kwa mimea. Chuma na asidi za mboji huzuia mmenyuko wa kunakili DNA, kwa hiyo jaribu kuzimua mkamuo kabla ya kutangaza kwamba ziwa halina uhai.

Lipidi nzima zenye kichwa cha fosfati huoza upesi baada ya seli kufa. Zikiwepo, viumbe vyake vilikuwa hai majuzi. Hizo ndizo daraja kati ya orodha ya DNA na orodha ya vilele.

Hatua ya 9: Kaboni iliyoyeyuka majini

Kwa ufupi: usiamini rangi. Maji mekundu au ya kahawia kwenye ziwa kali aghalabu ni chuma, si mboji. Chuma cha feri (Fe3+) hunyonya mwanga wa nanomita 254, urefu uleule unaotumika kukadiria kaboni yenye pete, na hufifisha mng'ao wa misombo. Pima chuma katika kila sampuli na usahihishe. Kumbuka pia kwamba asidi za humiki, kwa maana yenyewe ya kimaabara, hujitenga na maji na kutuama chini ya pH 2. Katika ziwa la 1.5 zitafute kwenye tope. Majini zimebaki za fulviki.

Hatua ya 10: Amua, kisha uandike kwa viwango

Chukua kila kundi la misombo na uliulize maswali manne. Je, umbo lake linaelekeza kwa kiumbe gani? Je, isotopu zinakubali? Je, kiumbe hicho kimeonekana kwa DNA au hadubini, au kinaota ukingoni? Je, mgawanyo wake kutoka ukingoni hadi katikati unaafiki? Majibu matatu yakikubaliana, andika "chanzo ni". Mawili, andika "yaelekea chanzo ni". Moja tu, andika "huenda", na utaje washindani wake kwa majina.

Alkani ndefu mara nyingi zitapata daraja la kwanza kwa mimea. Asidi ya C16 haitapata daraja lolote, na hilo liandikwe pia. Toa kwenye ripoti matokeo ya sampuli tupu, majani ya marejeo na kromatogramu zenyewe, pamoja na asilimia ya msombo wa kupimia uliorudi. Fungu la tope ambalo halijaguswa libaki kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri, likiwa na namba ya kituo, tarehe na pH iliyosomwa siku ile, ili atakayepinga uamuzi wako aweze kuupima upya.